Macho ya Mama Katika Kitabu cha Baba

Nilijua kusoma kabla sijaanza shule, na nilijifunzia kwenye kitabu kisicho na jalada. Baba alikipata misheni, alikokuwa akienda kila mwaka kupaka chokaa. Siku ya kumaliza kazi alipewa ujira wake, na juu yake akapewa fungu la vitabu vya zamani vilivyokuwa vinatolewa stoo. Vingi vilikuwa vya hesabu, na mchwa walivimaliza mapema. Hiki kimoja kilikuwa cha hadithi. Baba alikikatia kipande cha mfuko wa mbolea, akakizungushia, akakishona kwa sindano ya kushonea magunia.

Tuliishi kijijini, upande wa Kaoze. Jioni mama akiwa anapika, baba aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko ili apate mwanga wa mwisho wa jua, mimi nikakaa katikati ya magoti yake. Alisoma kwa sauti huku kidole chake kikipita chini ya maneno. Nilikifuata kidole kile kila jioni, hata siku moja nikagundua kwamba naweza kulitamka neno kabla kidole hakijalifikia. Baba alinyamaza, akaniacha niendelee peke yangu hadi mwisho wa mstari. Halafu akamwita mama: "Njoo umsikie mtoto wako!"

Hadithi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya bibi mchawi. Mvua imekataa kunyesha na mahindi yananyauka. Pembeni ya kijiji anaishi bibi mmoja peke yake, na macho yake ni mekundu. Watoto wawili werevu wanamchungulia kwenye upenyo wa ukuta, wanayaona macho yale, wanakimbia kutoa habari. Bibi anafukuzwa kwa mawe mpaka ng'ambo ya mto, na siku hiyohiyo mvua inanyesha. Kulikuwa na picha ya bibi anakimbia, khanga imemvuka bega moja, na watu nyuma yake wameinua mikono. Baba akifika kwa bibi alikwaruza sauti mpaka nikapiga kelele na kujificha ndani ya koti lake. "Tena, baba," nilisema. Naye alirudia.

Naanza na haya ili ieleweke kwamba kitabu hicho sikukichukia. Ualimu wangu, na hata nyumba hii ya matofali ya kuchoma ninayoishi hapa Sumbawanga, vyote naviona vilianzia pale mlangoni mwa jiko.

Baba alifariki nikiwa chuo cha ualimu. Baada ya mazishi nilikichukua kitabu chake, nikakiweka kwenye sanduku langu la nguo, nami nikakisahau humo kama mtu anavyosahau vyeti vya zamani.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi pembezoni mwa mji, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka, nikakabidhiwa na kabati la vitabu. Kabati lilikuwa kubwa kuliko vitabu vyake. Kwa hiyo nilifurahi sana siku tulipoletewa maboksi mawili ya vitabu vya zamani kutoka shule nyingine iliyokuwa inasafisha stoo yake. Nilikaa chini kwenye sakafu, nikaanza kuvipanga. Katikati ya boksi la pili nikakiona kitabu cha baba, nakala zaidi ya kumi, zikiwa na majalada yake. Nilikuwa sijawahi kuliona jalada lile. Lilikuwa la kijani, na lilikuwa na mchoro wa watoto wawili wameshikana mikono. Nilihisi kama nimekutana na ndugu niliyekuwa nasikia habari zake tu.

Wiki iliyofuata nilikisoma darasa la nne. Nilichagua hadithi ya bibi mchawi, na nilipofika kwa bibi nikakwaruza sauti kama baba. Darasa lote lilipiga kelele za raha na woga, wengine wakapanda juu ya madawati. "Tena, mwalimu! Tena!" Nikarudia. Kengele ikalia, wakatoka mbio huku wakikwaruza sauti zao.

Mwaka huo mama alikuwa anaishi kwangu. Nilimleta mwezi wa sita, katikati ya baridi, kwa sababu macho yake yalikuwa yanatoa machozi mchana kutwa. Hospitali walimpa dawa ya matone, na daktari akatuambia kwamba tatizo ni moshi, moshi wa miaka mingi. Sikushangaa. Mama alikuwa amepika pombe ya ulezi tangu mimi mdogo, kwenye jiko lisilo na dirisha, na pombe hiyo ndiyo iliyoninunulia sare za shule. Macho yake yalikuwa mekundu tangu nilipomjua. Kwangu hayakuwa na rangi. Yalikuwa macho ya mama.

Asubuhi jua likitoka alijisogeza ukutani nje, mahali upepo haupiti, akawa anachambua maharage kwenye ungo. Watoto wa shule walipita mbele ya nyumba yangu. "Shikamoo bibi," walisema. "Marahaba wajukuu zangu," alijibu, na akiwa na mahindi ya kuchoma alimkatia kila mmoja kipande. Kiswahili chake kina Kifipa ndani yake, na watoto wa mjini walipenda kumwiga, naye hakukasirika.

Siku chache baada ya mimi kusoma ile hadithi, mama aliniambia wakati wa chakula cha mchana: "Mtoto wa jirani yako anaumwa?"

"Yupi?"

"Yule wa kike, wa ndoo ya bluu. Leo ameniona akaiangusha ndoo, maji yote chini, akakimbia. Na wenzake sasa wanapita upande ule wa barabara."

Mtoto huyo alikuwa mwanafunzi wangu, na aliketi dawati la pili. Kesho yake wakati wa mapumziko nilimwita nje ya darasa, nikamwuliza kwa upole kilichomkimbiza. Alijibu akitazama viatu vyake.

"Mwalimu, bibi ana macho mekundu."

"Ndiyo, yanamuuma."

"Kama yule wa kwenye kitabu," akasema.

Nilimwambia aende akacheze, nikabaki nimesimama barazani na chaki mkononi.

Jioni ile nilikutana na mama yake bombani. Tulisalimiana kama kawaida, tukaulizana habari za kazi na za watoto. Alipokwisha kujitwisha ndoo yake akaniuliza, kwa adabu kabisa: "Mama yako anaondoka lini?"

"Bado anatibiwa."

"Haya," akasema. "Mungu amsaidie."

Mtu wa mbali anaweza kuona hapo hakuna kitu. Mtu aliyekulia huku anajua kwamba kuna vikongwe waliouawa kwa sababu ya rangi ya macho yao, na kwamba mambo hayo hayaanzi na panga. Huanza na swali la bombani. Nami nilikuwa na sababu ya ziada ya kulijua. Nilipokuwa chuoni, mbali na nyumbani, wenzangu waliposikia natokea Sumbawanga waliruka pembeni wakicheka: "Usituroge, dada!" Hakuna aliyetaka kukaa kitanda cha juu yangu. Ulikuwa utani, nami nilicheka nao miaka miwili, lakini sikuupenda hata siku moja. Ningepaswa kuwa mtu wa mwisho kuwasomea watoto hadithi kama ile. Badala yake niliisoma mara mbili, na sauti ya mchawi nikaitia.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu, mama mtu mzima asiye na haraka, akaitisha kikao kifupi cha walimu. Nilieleza yote bila kuficha. Akaniuliza: "Sasa mwalimu, unataka nini?"

"Kitolewe shuleni. Nakala zote."

Mwalimu wa historia, mzee aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliinua mkono. "Mimi nina swali. Leo tunatoa hiki kwa sababu ya macho mekundu. Kesho mtu atasema kitabu cha historia kinamtukana babu yake. Na kweli, vile vya zamani vinamtukana, mimi mwenyewe nimevisoma. Nikivitoa vyote, nitawaonyesha nini watoto wakiniuliza wageni walituonaje?"

Mwalimu kijana wa sayansi akamkatiza. "Mzee, shikamoo, lakini hapa watoto wanamkimbia bibi wa watu. Bibi yuko hai, yuko hapo barabarani. Historia itasubiri."

"Wanamkimbia kwa sababu wamesomewa kisha wakaachwa hapohapo," mzee akasema. "Kengele ililia wakaenda zao. Kitabu hakina miguu. Nani aliwasomea?"

Wote walijua ni nani. Nilisikia uso ukiniwaka, nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia kwamba mama yangu si somo la kujifunzia. Mwalimu mkuu akaweka kalamu mezani na kuamua: vitabu vifungwe, vipelekwe stoo, na likizo viondolewe pamoja na takataka nyingine za karatasi.

Nilivifunga mwenyewe kwa kamba ya katani. Moyo ulitulia. Lakini kitabu cha baba kilichokuwa kwenye sanduku langu sikukitaja kikaoni, wala nilipokuwa navifunga vingine sikujiuliza kwa nini. Watoto wa watu wasikiguse. Mimi nibaki nacho. Nilitenda hivyo bila hata kujua kwamba nimetenda.

Likizo ikaja. Jumamosi moja nilikwenda sokoni kununua dagaa na mafuta ya alizeti, na kwa kuwa mama hupenda karanga za kukaanga, nilisimama kwa mama mmoja anayeuza karanga karibu na waendesha bodaboda. Huzifunga kwenye vipande vya karatasi alivyovikunja kama pembe. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amemaliza zake, ameikunjua karatasi juu ya tangi la pikipiki.

"Oya mshikaji, njoo uone," akamwita mwenzake. "Huyu si bibi yako?"

"Wa kwako huyo! Angalia macho."

Wakacheka, wakaikunja karatasi, wakaitupa mtaroni. Niliinama nikaitazama. Ilikuwa ile picha, bibi anakimbia na khanga imemvuka bega.

"Karatasi hizi umezipata wapi?" nilimwuliza mama wa karanga.

"Dukani, mwalimu. Wananunua karatasi chakavu za shule, wanauza za kufungia. Hizi nzuri, nzito, mafuta hayapiti."

Niliangalia beseni lake. Pembe zote zilikuwa kurasa za kitabu kile. Mmoja angepata ukurasa wa mvua kukataa, mwingine wa watoto kuchungulia, mwingine wa mawe. Hakuna ambaye angepata hadithi nzima, wala mtu wa kumwuliza chochote. Tulikiondoa darasani, alipokuwepo angalau mwalimu mmoja mzembe, tukakisambaza soko zima kwa wasio na mwalimu kabisa. Nilichukua pembe mbili kwa sababu nilikuwa nimeshaziagiza, nikaondoka.

Nyumbani nilikusudia kuzihamishia kwenye bakuli kwanza, lakini mama alikuwa hapo mlangoni akanipokea kikapu. Aliketi pale pake ukutani, akafungua pembe, akaanza kula taratibu. Alipomaliza aliinyoosha karatasi juu ya paja lake kwa kiganja, kama anavyonyoosha kila karatasi, kisha akaisogeza mbali na macho ili aione.

"Huyu bibi wanamfanya nini?"

Mama hajui kusoma. Ningeweza kumwambia chochote. Nikakaa chini kando yake, nikamweleza yote: maboksi, darasa la nne, mtoto wa ndoo ya bluu, swali la bombani, kikao, kamba ya katani. Aliendelea kuitazama picha wakati nasema. Nilipofika mwisho akasema: "Nakijua. Ni kile cha baba yako."

"Unakikumbuka?"

"Ninyi mlikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa ndani na moshi. Nani alikisikia kuliko mimi?"

Nilikuwa sijawahi kuzifikiria jioni zile kutoka upande wa ndani wa jiko.

"Nilimwambia baba yako," akaendelea. "Nilimwambia, ukifika kwa huyo bibi, sema macho yake meupe. Au sema ni kibabu. Akacheka. Akasema kitabu hakibadilishwi, kimeshachapwa."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikapakua ugali."

Upepo ulikuwa unarusha vumbi la barabarani, na lori la mahindi lilipita polepole kuelekea mjini. Ndipo mama akasema jambo ambalo sikulijua, na ambalo mpaka leo nikilikumbuka huacha ninachofanya.

"Wewe ulikataa kulala na mimi. Siku tatu. Ulisema nioshe macho kwanza."

"Mimi?"

"Ulikuwa mdogo. Nikayaosha. Nikachota maji ya mtungini nikayaosha, nikaja, ukaniangalia kwa taa ukasema bado." Alicheka kidogo, kicheko cha kweli, si cha kunisuta. "Siku ya nne ulisinzia kabla ya kuangalia."

Nililia. Mama aliniacha nilie, akaendelea na pembe ya pili ya karanga. Baadaye akasema nisimfikirie baba vibaya, maana alikuwa mwanamume mwema aliyependa mtoto wake ajue kusoma, na jirani zetu wengi hawakuwajali watoto wa kike hivyo. "Ila siku ile hakunisikia," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Kisha akaniomba nikilete kitabu nimsomee chote, kwa kuwa zamani alikuwa anakisikia nusunusu, ugali ukitokota. Nilikitoa kwenye sanduku. Nilisoma mchana ule mpaka jua likahama ukutani. Hadithi nyingine zilimchekesha. Ya sungura wa kwenye mtama alinirudisha niisome upya. Nilipofika kwa bibi mchawi nilisoma kwa sauti yangu ya kawaida. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Aliyeandika hakuwa na mama?" akauliza.

"Bila shaka alikuwa naye."

"Basi hakuwahi kuingia jikoni kwake."

Nilipata wazo, nikamwambia papo hapo: shule ikifunguliwa aje darasani, watoto wamwone, wamwulize maswali. Alinitazama kama nimepungukiwa na akili.

"Mimi si ng'ombe wa maonyesho ya Nanenane, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu. Nenda ukafundishe."

Shule ilipofunguliwa nilikwenda tena kwa mwalimu mkuu, nikamweleza habari ya karanga na nikamwomba ruhusa ya kukisoma kile kitabu mara moja zaidi. Alishusha pumzi. "Mwalimu, ulikitoa wewe, sasa unakirudisha wewe." Nikamjibu kwamba nilikitoa kabla sijakimaliza. Alifikiri, akaniruhusu, kwa sharti kwamba nichukue vipindi viwili vilivyofuatana ili kengele isinikate. Mwalimu wa historia aliposikia aliniomba aje akae nyuma.

Niliwasomea hadithi ileile kwenye kitabu cha baba, bila sauti ya mchawi. Hawakupiga kelele. Nilipofunga kitabu niliuliza: "Nyumbani kwenu, nani ana macho mekundu?"

Ni swali baya, nilijua wakati nikiliuliza. Kwa hiyo nikasema: "Mimi nianze. Mama yangu."

Mkono mmoja ukainuka. "Bibi yangu, mwalimu, anayechoma mahindi stendi." Mwingine: "Shangazi." Mwingine: "Mama, akikausha samaki." Mikono ikawa mingi, mpaka mvulana mmoja akasema: "Na mpishi wetu!" Darasa likageuka kutazama dirishani, kuelekea jiko la shule, ambapo mama anayewapikia uji kila siku alikuwa anachochea kuni.

Nilimwomba mpishi radhi kwanza, kisha nikawapeleka makundi madogo madogo. Kila kundi lilisimama ndani ya jiko muda wa kuimba wimbo mmoja wa darasani. Walitoka wakikohoa, wanafikicha macho, wanatazamana.

"Yamekuwa mekundu!"

"Na yako pia!"

Mpishi alisimama mlangoni ameshika mwiko wake mrefu. "Mnalia kwa wimbo mmoja?" akawaambia. "Mimi niko humu tangu alfajiri."

Tuliporudi darasani nilitaka kuhitimisha, lakini wao hawakuwa wamemaliza. Yule mtoto wa ndoo ya bluu aliuliza: "Mwalimu, sasa mvua ilinyesha kwa nini?" Kabla sijajibu, mvulana wa nyuma, mtoto wa mkulima wa maharage, akasema: "Ilikuwa Novemba. Mvua hunyesha Novemba." Akasema kama anayeeleza jambo ambalo hata mtoto mchanga analijua. Mwalimu wa historia alifunika mdomo kwa daftari ili wasimwone anacheka.

"Na bibi alikwenda wapi?" mwingine akauliza.

Kitabu hakikusema. Niligeuza ukurasa mbele yao, nikawaonyesha kwamba baada ya mvua inaanza hadithi nyingine. Hilo liliwaudhi kuliko mambo yote. Walibishana muda mrefu: alivuka mto usiku huohuo, alikuwa na binti kijiji cha pili, alikufa kwa baridi kwa sababu khanga ilikuwa moja. Wengine walisema kitabu kichomwe. Wengine walisema kisichomwe, kwa sababu kikichomwa hakuna atakayejua alifukuzwa. Sikuwapigisha kura. Sikuwa na uhakika ningeinua mkono upande upi.

Yaliyofuata hayakuwa makubwa. Mtoto wa jirani alipita siku mbili upande ule wa barabara, siku ya tatu akavuka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu. Ndoo imepona?" Wengi walirudi taratibu hivyo. Mama wa mtoto wa jirani hakurudi. Tulisalimiana bombani hadi mwisho kwa adabu ileile, na hakuuliza tena mama anaondoka lini, lakini hakuwahi kuja kumjulia hali. Mzazi mmoja alikwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika kwamba nimewatia watoto moshini, na alikuwa na haki. Mwanawe alikuwa na kifua. Niliitwa, nikaomba msamaha. Baba mmoja wa Kiislamu mwenye duka la madaftari alinisimamisha kuniambia kwamba binti yake amemkataza mama yake kupika mlango ukiwa umefungwa, na kwamba sasa nyumba nzima inakula na baridi. Alikuwa anacheka.

Mwalimu mkuu aliweka utaratibu ambao bado tunaufuata. Vitabu vya aina ile havikai kabatini ambako mtoto anaweza kujichukulia. Hukaa kwenye droo yangu, na mwalimu akihitaji kimoja lazima awe na vipindi viwili na awe amekisoma mwenyewe chote kwanza. Madarasa ya chini hayasomewi kabisa. Mwalimu wa sayansi anaona bado ni hatari, kwamba siku moja atakuja mwalimu mvivu afungue droo. Huenda ni kweli. Nilikuwa mwalimu huyo.

Watu wakiniuliza leo kama vitabu vya zamani vyenye matusi vipigwe marufuku, wananikuta sina jibu fupi. Nikimfikiria mama anaosha macho yake kwa maji ya mtungini, nataka vichomwe vyote leo hii. Nikikumbuka kurasa zile mtaroni, naona kwamba kuondoa ni rahisi na hakumalizi kitu. Na nikiwa mkweli kabisa, bila kitabu kile nisingejua kusoma mapema vile, na pengine nisingekuwa na darasa la kuwafundishia wengine.

Mama alirudi kijijini mvua za kwanza zilipoanza. Nilimsihi abaki, akasema shamba halilimwi kwa simu. Mafundi niliowalipa walikuwa wameshamfungulia dirisha jikoni na kumjengea jiko lenye bomba la kutolea moshi. Analisifu mbele yangu, lakini dada yangu anayeishi kijijini ananiambia kwamba pombe bado anaipikia nje kwenye mafiga, kwa sababu jiko lile, eti, ni dogo kwa chungu chake.

Mwalimu wa historia alistaafu mwishoni mwa mwaka uliofuata. Siku ya kuaga aliniletea boksi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Ndani mlikuwa na vitabu ambavyo amevihifadhi miaka yote ya kazi yake, vingine vimeandikwa na watu waliopita kwenye uwanda huu wa Ufipa zamani na kutueleza walivyotuona. "Hivi sijawahi kuvifundisha," akasema. "Sikuwahi kupata vipindi viwili." Nimeshasoma kimoja, nikakasirika mpaka nikatoka nje kutembea. Hiki cha pili nipo katikati yake. Nimeweka penseli kando yangu, na kila nikifika mahali panaponiuma naandika pembeni, kwa herufi ndogo, ni kitu gani mwandishi hakukiona.